Mbuzi wa Griftu na Vali Yangu Inayovuja

Niliondoka Garissa kwa woga, ingawa majirani niliwaambia nakwenda kumsalimia rafiki. Daktari alikuwa amenionyesha moyo wangu kwenye skrini. Upande wa kushoto, alisema, kati ya chumba cha juu na cha chini, kuna vali inayovuja, na ni lazima niende Nairobi nikapasuliwe itengenezwe. Akanipa wiki moja nifikirie. Lakini mtu wa miaka arobaini na sita, ambaye hajawahi kudumu miaka mitatu kwenye kazi yoyote, hawezi kufikiri ameketi. Nikafunga mkoba.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liling'oa nanga. Nilichagua Griftu kwa kuwa ndiko nilikosoma sekondari, na ndiko nilikoufahamu moyo mara ya kwanza: mwalimu aliuchora ubaoni, nusu kwa chaki nyekundu, nusu kwa chaki ya buluu. Kwenye mtihani niliuchora vizuri kuliko wote, na sina sifa nyingine niliyotoka nayo pale. Kwa sifa hiyo moja nikajipandisha cheo hadi daktari. Njia nzima nilijihutubia: vali ni mlango tu, na mlango ukilegea nyumba haianguki.

Modogashe tulishuka kunywa chai. Kurudi ndani, nilipanda ngazi tatu za basi nikakwama mlangoni, nikijifanya natazama nje.

"Warya, wewe, ingia ama toka," mzee mmoja alinisukuma kwa bakora.

"Natazama mandhari, mzee."

"Hiyo ni lori ya mbuzi. Mandhari iko wabi?" Kisomali hakina p; kila p hugeuka b.

Abiria wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikashindwa kumaliza kicheko kwa kukosa pumzi.

Tulipofika Habaswein nilikitafuta kibanda tulichokuwa tukinywea maziwa ya ngamia tukirudi shule. Pamejengwa duka la simu. Nilihuzunika kana kwamba kibanda kilikuwa cha marehemu baba yangu. Viatu vilinibana, nikalegeza kamba, nikalaumu kiti cha basi kwa kunivimbisha miguu.

Wajir nilibadilisha gari, na alasiri nikaingia Griftu. Adan, niliyekaa naye dawati moja miaka minne, sasa ananunua na kuuza mbuzi sokoni. Mkewe Halima ana meza ya nyama sokoni humo. Walinipokea kwa chai na maswali, nami nikajibu yote isipokuwa lile la afya.

Asubuhi yake Halima alikuja akiwa ameukunja uso.

"Shemeji, umeomba mito tatu. Wewe ni sultani?"

Ikabidi niseme ukweli: nikilala chali, pumzi inakata. Nikasema na habari ya vali, halafu, kabla hawajapata nafasi ya kunihurumia, nikaanza somo. Nikawaeleza kwamba ni tundu dogo tu, kwamba mwili hujitengeneza wenyewe, na kwamba wiki mbili za maziwa ya ngamia zingetosha.

Adan hakubishana. Mgeni huchinjiwa, akatoka kunichinjia mbuzi. Halima alipoanza kukatakata nyama, aliuweka moyo kwenye sinia mbele yangu.

"Wewe mwalimu. Nionyeshe."

Nikaugeuza. Nikaugeuza tena. Wote ulikuwa rangi moja.

"Upande wa buluu uko wapi?" nikauliza.

Adan alicheka mpaka akaketi chini. "Walaal, ndugu yangu! Miaka thelathini unangoja mbuzi ya buluu?"

Halima aliushika moyo kwa upole. Akakiweka kidole changu upande wa kulia, ukuta mwembamba. "Hii inatuma damu hapa karibu, kwa mabafu tu." Akakihamishia upande wa kushoto, ukuta mnene kama soli ya kiatu cha jeshi. "Hii inatuma mbaka kwato. Ndiyo ina nguvu."

Kisha akakata sehemu ya juu ya upande huo wa kushoto, akaubana mshipa mkubwa kwa vidole, akajaza maji chumba cha chini. Alipofinya, ngozi mbili nyembamba, ndiyo vali yenyewe, ziliinuka zikakutana. Hata tone halikurudi. Chini yake niliona nyuzi nyeupe zimezishika zisipinduke, kama kamba zinazozuia turubai kwenye upepo. Nyuzi hizo mwalimu wangu alizichora kwa mstari mmoja, nami sikuzichora kabisa.

"Kila siku naosha hii," Halima akasema. "Maji inaingia, lakini hairudi. Sasa tazama."

Akaingiza ncha ya kisu, akakata nyuzi mbili tu. Akajaza maji tena, akafinya. Yakaruka juu yakanipata shati, kidevu na mdomo uliokuwa bado wazi kwa mafundisho.

Safari hii Adan hakucheka.

"Shemeji," Halima akasema, "hiyo inajishona na maziwa?"

Nilitamani aongeze neno lolote nimpinge.

"Mimi naogopa kupasuliwa," nikasema.

"Ogoba," akajibu. "Lakini ogoba ukiwa huko hosbitali."

Kesho yake alfajiri nilianza safari ya kurudi. Habaswein sikushuka, Modogashe nilimwomba mzee mmoja aliyekaa karibu nami aninunulie chai, nikamwambia wazi kwamba moyo wangu ni mgonjwa. Aliniletea, tena vikombe viwili.

Nilichojifunza Griftu ni kidogo kwa umbali ule wote. Vali haina hila, ikilegea imelegea. Hila zote zilikuwa zangu.

Siku ya saba niliingia kwa daktari, nikasema nimekubali. Alinisukumia fomu. Nikajaza jina, umri na aina ya kazi nizifanyazo, mpaka nikafika palipoulizwa jamaa wa karibu. Sehemu hiyo nimekuwa nikiiacha tupu kwenye kila fomu tangu mama afariki. Nikampigia Adan kumwomba ruhusa ya kuandika jina lake. Kabla hajajibu, sauti ya Halima ikasikika nyuma yake: "Andika yangu. Huyu ataanza kulia."

Nikaandika Halima.