Wimbo Nilioupeleka Sokoni

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliingia ukumbi wa kanisa letu hapa Merrylands, huku ughaibuni, nimeshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Nilitaka kila mtu aione. Usinicheke kwamba nakuita mwanangu na mimi sijaota hata mvi moja. Aliyetangulia kujikwaa ndiye anayejua kisiki kilipo, na kisiki hicho mimi nilikipiga kwa miguu yote miwili.

Zilikuwa kampeni za ugavana katika kaunti yetu kule Kenya. Wagombea walikuwa wengi, lakini wa kweli wawili: mmoja wa chama cha Ngazi, mwingine wa Kibuyu. Mimi nilikuwa Ngazi damu. Kura yenyewe sikuwa nayo, maana ukiwa huku gavana humpigii, lakini mdomo ulikuwa wangu na bando lilikuwa langu. Nikitoka kazini Penrith, ambako nahudumia wazee, naingia kwenye magrupu ya simu kubishana na watu wa Kibuyu. Kuna siku treni ilinipitisha stesheni yangu namalizia tusi.

Halafu nilikuwa na ndoto. Shule niliishia fomu fo, lakini tangu utotoni nilitaka kusikika redioni. Basi jamaa mmoja wa kampeni, tukimwita Kevo, akasikia sauti yangu kwenye grupu akanipigia. "Madam, hicho kipaji kinaozea huko kwa wazungu! Tutungie kitu cha kuita na kuitikia. Tukiingia, redio ya kaunti ina kiti chako."

Nikatunga. Mgombea wa Kibuyu alitegemea sana kura za watu waliohamia kaunti yetu kutoka kwingine, kwa hiyo jukwaani watu wetu walikuwa na neno moja tu: wa kuja wasituchagulie. Mimi nikalipa mdundo.

"Mji huu wa nani?"

"Wetu!"

"Wa kuja waende wapi?"

"Kwao!"

Nikabaki kutafuta waitikiaji. Hapa ngoja nikueleze tunavyoishi. Sisi wanawake wa shifti tunaleana watoto. Jirani yangu Mama Neema ni muuguzi. Akiwa na zamu ya asubuhi anabisha mlango wangu kabla jua halijatoka, ananiachia Neema na mdogo wake, kila mmoja na mto wake kwapani. Zamu yangu ikifika nampelekea wangu. Hatukuandikiana popote. Ni mlango tu na kubisha.

Basi asubuhi moja nikawapanga watoto wote jikoni, nikawafundisha kuitikia. Watoto wa huku unawajua, Kiswahili wanakisikia ila wanakujibu Kiingereza. Lakini lile "Kwao!" waliling'ang'ania kama peremende. Neema, wa miaka minane, ana sauti kali kama filimbi ya refa. Nikarekodi, nikamtumia Kevo.

Na Jumapili ile wimbo ulikuwa umenirudia kwa video. Lori la kampeni liko katikati ya soko la kwetu, vipaza sauti juu, na sauti yangu inatetemesha mabati. Mwanangu, niliota mabawa.

Wa kwanza kumwonyesha alikuwa Mzee Bahati, Mkongomani anayetupangia viti kila Jumapili. Alifika nchi hii baada ya miaka mingi ya kambi ya wakimbizi. Akatazama mpaka mwisho, hakutabasamu.

"Sauti ni muzuri," akasema. "Na ile ya mutoto ni ya nani?"

"Si ya Neema huyo! Humtambui, mzee?"

"Binti, kwetu haikuanzaka na bunduki. Ilianzaka na wimbo. Wimbo ya kuchekesha. Tulichekaka."

"Lo, mzee nawe! Hii ni siasa tu. Uchaguzi ukiisha tunapikiana chai."

"Eh. Na sisi tulisemaka vile."

Nikaona ananimwagia maji kwenye moto wangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, na langu lilivunjika hata chai haijapoa.

Simu ya Mama Neema iliita. Ni mama yake, na kule nyumbani ndiyo kwanza kunapambazuka. Bibi huyo ni mjane, anauza maharagwe na mtama katika soko lile lile, zaidi ya miaka thelathini sasa. Kazaliwa kaunti ya pili, akaolewa kwetu. Mimi hayo nilikuwa nayajua! Ila kichwani mwangu yeye alikuwa bibi yake Neema. Wa kuja walikuwa watu fulani tu, wasio na sura.

Mama Neema aliweka simu mezani polepole, akanijia.

"Josi, mama amefunga kibanda. Jana lori lilisimama mbele yake saa nzima, vijana wanamwonyesha vidole. Anasema ya vijana angeyavumilia. Anachoniuliza ni kama huyo mtoto anayemwambia arudi kwao ni Neema."

Neema alikuwa ameshika andazi. Akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Anti, kwani tuliimba vibaya?"

Sauti yote ile ya kutetemesha mabati, nikaitafuta sikuipata. Mama Neema akachukua watoto wake akatoka, na kesho yake alfajiri mlango wangu haukubishwa. Wala kesho kutwa. Nililia kwenye treni, mwanangu, kwenda na kurudi.

Nilimrudia Mzee Bahati nikamwambia nitamwomba radhi Mama Neema kwa siri, yaishe. Akatikisa kichwa. "Wimbo ilipita mbele ya watu. Na musamaha ipite mbele ya watu."

Nikampigia Kevo, nikamwomba autoe ule wimbo kwenye lori.

"Madam, siasa si kwaya ya kanisa," akanijibu. "Ukileta huruma, sahau redio."

Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Niliiona ile redio, kiti na yote, ikiondoka. Kisha nikasimama jikoni, pale pale nilipowapanga watoto, nikarekodi peke yangu. Nikasema: "Mimi ni Josi, ile sauti ya lori ni yangu. Watoto hawakujua walichoitikia, mimi ndiye niliyewafundisha. Bado nampenda mgombea wangu wa Ngazi. Lakini hapa Merrylands mimi mwenyewe ni wa kuja, na nimepewa kazi, nyumba na kiti kanisani. Wa kuja wa soko letu wako kwao. Bibi, nisamehe." Nikaituma kwenye magrupu yote niliyowahi kutukana watu.

Ooo, nilioga matope! Wa Ngazi waliniita msaliti, wa Kibuyu wakaniita mnafiki. Mmoja akaandika, "Rudi ukaoshe wazungu wako." Nikamjibu, "Ndiko niendako, nina zamu."

Baadaye Mama Neema alinitumia namba bila neno lolote. Nikapiga. Bibi alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Sauti unayo, mjukuu wangu. Akili ndiyo iliyochelewa ndege." Akacheka. Mimi nikalia upya.

Kibanda kikafunguliwa. Wauzaji wenzake, wa Ngazi kwa wa Kibuyu, walikuwa wameusikia ule ujumbe wangu, na siku bibi aliporudi walihamisha stuli zao wakakaa naye mbele ya kibanda. Lori likaja kama kawaida yake. Sauti yangu ikauliza, "Wa kuja waende wapi?" Na kabla watoto hawajaitikia, wale kina mama wakapaza kwa pamoja, "Hapa hapa!" Likarudia, wakarudia. Dereva akazima spika akageuza lori. Video hiyo ninayo mpaka leo, na ndiyo ninayojivunia. Najivunia wale mama, na yule bibi, na hata huyu Josi aliyepata ujasiri wa kujikana mwenyewe hadharani.

Ilipita wiki ya tatu. Alfajiri, nikiwa bado nimejifunga leso, nikasikia mlango ukibishwa. Neema na mdogo wake, mito kwapani. Mama Neema alikuwa anakimbilia zamu. "Wanywe uji," akasema, "na usiwafundishe wimbo." Akatabasamu kidogo. Nilipika uji huo kama wa mfalme.

Kampeni zinakuja tena, mwanangu, na wewe sasa una simu na una sauti. Mpende mgombea wako, mshangilie mpaka koo likauke, si dhambi. Lakini kabla hujaitikia neno la jukwaani, liweke kwanza mbele ya kibanda cha mtu unayemfahamu kwa jina. Likimfungia, liteme. Mtoto usimtie neno mdomoni ambalo utaona haya kumweleza. Na ukikosea mbele ya watu, jirudi mbele ya watu. Utapungukiwa marafiki wa magrupu, lakini usiku utalala.

Mungu akupe mdomo wenye mlango, na akupe mlango ambao majirani hawataacha kuubisha. Amina, mwanangu. Amina.