Mafuta ya Farasi

Leo sokoni Moshi muuzaji alinifungulia dumu la mafuta ya alizeti ninuse, nikamkumbuka mama.

Mama alikuwa akitunza farasi kwenye shamba moja kule Masama. Mmoja wao, jike mzee, alikuwa amekonda mpaka mbavu zinaonekana. Daktari wa mifugo alishauri aongezewe mafuta kwenye pumba, kidogo kidogo, ili tumbo lizoee. Kila asubuhi kabla ya shule nilimtazama mama akiyamimina na kukoroga kwa mkono. Baada ya muda farasi akanenepa, manyoya yakang'aa ungedhani amepakwa mafuta kwa nje.

Mama ndiye aliyekuwa akipungua. Gauni lake la kanisani lilimpwaya, na bibi alipompikia mtori wa ndizi, aliurudisha vilevile.

“Mwanangu, kula japo kidogo,” bibi alimbembeleza.

“Haushuki, mama. Koo limefunga.”

Jioni moja nilichota mafuta ya farasi kwa kifuniko cha chupa, nikayatia kwenye mtori wake bila bibi kuniona. Mama alionja, akatua kijiko, akanitazama.

“Umetia nini humu?”

“Mafuta ya farasi. Na wewe unenepe.”

Hakucheka wala hakunigombeza. Alikichukua tena kijiko akala polepole, akifumba macho kila alipomeza, mpaka akalimaliza bakuli.

“Mtamu,” akasema. “Asante, mwanangu.”

Kesho yake niliamka kabla ya wote, nikaenda kumtazama mashavu kama yameanza kujaa.