Sukuma ya Kwanza ya Shirleen

Wajukuu wangu, mmewahi kuona mtu mzima akitupa sahani ya mboga kama ameona nyoka ndani?

Hapa Mukuru kwa Njenga tulimwona. Mzee Mureithi. Na sahani ililetwa na mtoto wa miaka tisa.

Mtoto ni Shirleen, jirani yangu. Mzee, ambaye yeye humwita guka, yaani babu, hulima sukuma wiki kando ya mtaro nyuma ya viwanda, akampa mstari mmoja.

"Huu ni wako. Utavuna na kupika mwenyewe."

Shida ni wezi. Mzee akachomeka fito, akaning'iniza chupa ya dawa ya wadudu, watu wajue mboga ina sumu.

Shirleen akaogopa hata kushika majani.

"Kitendawili," mzee akamwambia.

"Tega."

"Askari wangu hana macho wala rungu, lakini wezi wanamtoroka."

"Chupa, guka?"

"Eeh! Na ni tupu. Usiambie hao mabeshte zako mnaocheza nao."

Wakacheka. Siri ikawa ya wawili.

Ijumaa Shirleen alitoka shule mbio. Mama yake, Roseline, alikuwa bado kibaruani Industrial Area. Shirleen akachuma, akakatakata, akakaanga na kitunguu, akasonga ugali. Ulikuwa na madonge, lakini furaha yake, wacha tu!

Mzee alikuwa amemfundisha: mavuno ya kwanza, aliyekupa mbegu ndiye huonja mbele. Akafunika sahani, akaipeleka.

"Guka, ya mstari wangu! Onja!"

Mzee akaitupa sahani, ikaruka.

"Umekula?"

"Zii, sijala. Wewe ndiye wa kwanza."

Wezi walikuwa wameizoea chupa. Jana yake, kwa hasira, mzee alikuwa amepuliza dawa ya kweli shamba lote. Alijua Shirleen huja shambani Jumamosi, siku hiyo angemwambia.

"Asante Mungu. Nyumbani kuna nani?"

"Mdogo wangu tu, Wahome. Alikuwa analia njaa, nikampa kidogo. Ni mdogo, nikaona yeye hahesabiki."

Mzee alikimbia bila viatu, sisi nyuma yake.

Wahome, miaka mitatu, hakufika hospitali akiwa hai.

Baada ya mazishi Shirleen aliuliza kitu kimoja.

"Guka, si ulisema chupa ni tupu?"

"Ilikuwa tupu, mama. Dawa ilikuwa kwa majani."

Wajukuu, ukimfundisha mtoto kucheka hatari, siku utakapoacha kucheka mwambie yeye kwanza. Wezi watajijua.