Mgeni wa Asali Aliyekataa Kuonja

Mwenzangu, hili nakwambia wewe kwa sababu najua hutanicheka. Mimi ni mama wa kanisani, mambo ya mizuka siyatafuti. Lakini niliyoyaona sebuleni kwangu hapa Chemchem siwezi kuyakana.

Ilikuwa Kwaresima. Sisi akina mama wa jumuiya tulikuwa na asali yetu ya misitu ya Urambo, madumu yamejaa chumba cha uani. Madalali wa mjini walishajua tumekwama, wakawa wanaitaka kwa bei ya kutupa. Na binti yangu wa kwanza alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Asali isipotoka, na yeye hatoki. Ndipo kwa simu akapatikana mnunuzi, mama mmoja wa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Akasema atakuja mwenyewe aonje, na akiridhika atachukua yote.

Akaja na treni ya Kigoma. Mrefu, mkimya, amevaa viatu vya kufunika. Kapita njia ile ile ya misafara ya zamani ya watumwa, ambayo wazee wetu husema si kila aliyeianza aliimaliza. Binti yangu akapiga goti, akamwamkia shikamoo. Mgeni akamtazama tu. Kwao salamu hiyo hawana, sasa nalijua hilo. Siku ile shikamoo ilibaki hewani kama mlango uliosahauliwa wazi.

Nilimkaribisha kwenye benchi lenye magodoro ya sponji. Akakaa pembeni kabisa, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Nikaleta wali, kuku, karanga, na kibakuli cha asali niliyokwisha kuichuja mapema ili asisumbuke. Mimi nilikuwa nimefunga, nikakaa mbele yake mikono mapajani, namwambia karibu mama, jisikie nyumbani. Mkono wake ulikwenda kwenye kijiko ukasimama juu yake. Haukutetemeka. Ulisimama vile mkono wa mtoto unavyosimama mkubwa akiushika kifundo. Kisha akaurudisha.

Akina mama wenzangu walikuja kumwona. Wakaanza kusemezana Kinyamwezi mbele yake, na kucheka kidogo, huku wakimsogezea kikombe cha chai. Jirani yangu akanivuta uani.

"Da'mkubwa, huyo umemwangalia miguu?"

"Miguu ina nini?"

"Hali, hanywi, viatu havui. Mtu gani huyo? Mwambie avue tuone kama hana kwato."

Nilimkemea, lakini niliporudi ndani macho yangu yalikwenda kwenye viatu.

Jioni nikafuturu jikoni na watoto. Yeye nikamtengea sebuleni peke yake, maana kwetu mgeni mkubwa hagombanii sahani na watoto. Nilipopita na taa nikamsikia anaongea. Hakuwa na simu mkononi. Alikuwa amegeukia ile nafasi tupu, anasema neno, ananyamaza, anaitikia kwa kichwa. Na godoro la upande ule, mwenzangu, lilikuwa limebonyea.

Nikashika rozari. Nikasema labda watoto wameliruka na sponji imechoka.

Asubuhi sahani ilikuwa kama nilivyoiweka. Mgeni akaniambia kwa upole kwamba ataondoka na treni ya jioni. Asali inanukia vizuri, akasema, lakini asiyoionja hawezi kuinunua. Binti yangu alikuwa mlangoni, akageuka akaondoka. Nilifikiria kila nililofundishwa kwenye masomo ya jioni ya biashara, kumchangamkia mteja, Kiingereza cha kumkaribisha, nikaona hakuna hata moja la kunisaidia. Nikaleta tena kibakuli. Mkono wake ukaja, ukasimama palepale.

Akanitazama kwa mara ya kwanza machoni.

"Mama, juu ya nini weye haukule?"

Nikamwambia ni mfungo. Nikamweleza Kwaresima yetu, na jana jioni kwa nini nilimwacha peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwao mwenye nyumba hula kwanza, mgeni akiona. Asiyetangulia kula anajua alichotia chakulani. Mdogo wake alikuwa mfanyabiashara, alikaribishwa mezani na watu wa biashara, akala peke yake huku wakisemezana lugha asiyoijua, hakuamka.

"Tunasafirigi pamoja," akasema. "Anikamataka mkono, nisikule."

 Nilikuwa sijawahi kuvunja mfungo tangu niolewe. Nikafanya ishara ya msalaba, nikamwomba Mungu anielewe, nikachota asali kijiko kizima nikala, taratibu, yeye akitazama koo langu. Kisha nikampa kijiko kile kile.

Mkono wake ukanyanyuka mpaka mdomoni. Alikula, akachota tena, akala wali wa jana uliopoa, akala huku machozi yanamtoka. Na mimi nilikuwa natazama lile godoro. Lilijaa polepole, kama linavyojaa mtu akiinuka.

Madumu yote yalipakiwa siku ile. Binti yangu yuko chuoni. Padri nilimweleza habari ya mfungo, akanipa siku nyingine ya kufunga. Habari ya godoro aliisikiliza tu.

Basi usikae na jambo hili peke yako. Ukishuka Bukene, ukipita Urambo, wasimulie wote wanaouziana na watu wa mbali: onjeni kwanza chakula chenu mgeni akiwaona, na lugha asiyoijua msiiseme juu ya sahani yake. Nao wawaambie wengine. Huwezi kujua mgeni amekuja na nani.