Radio ya Kichwa

Mdogo wangu alikuwa fundi wa reli hapa Kindu. Huzuni ilipomshika aliacha kazi, kisha swala, na majirani wakamwita mvivu. Daktari aliagiza apigwe radio ya kichwa, maana huku ndivyo tunavyoita picha ya mifupa. Mama yetu akaogopa, akamwuliza daktari:

"Muganga, hiyo radio itatangaza mawazo yake?"

"Mama, njo picha, ni picha tu," mdogo wangu akasema, akicheka kidogo. "Haisemi."

"Afadhali. Ile ya serikali inasema ya kutosha."

Nilimshukuru Mungu. Niliamini ugonjwa utaonekana, na watu watanyamaza.

Daktari aliinua picha dirishani. "Sitwayeni," akasema, maana wakati ule raia wote tuliitwa hivyo, "kichwa ni kizima. Lakini mashine hii inaona mufupa tu, ubongo haiuoni."

Siku hizi nasikia ziko mashine zinazoona ubongo, na kwamba wenye huzuni ile wakilinganishwa kwa wingi na watu wengine, tofauti ndogo huonekana ubongoni. Lakini siku ile mdogo wangu alishika neno moja tu. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Mukubwa yangu, kichwa ni kizima. Basi hakuna ugonjwa. Njo mimi mwenyewe." Akalala, akageukia ukuta.

Namshukuru Mungu kwa yote. Kwa picha ile, bado sijaweza.