Nyimbo za Bibi na Mashine ya Kusaga

Kila nikipita karibu na mashine ya kusaga, harufu ya unga wa moto hunikosesha utulivu.

Nyumba yetu pale mtaa wa Nyasubi ilipakana na mashine kama hiyo. Mama alikuwa mpiga chapa, na ndani ya kompyuta yake kuukuu alikuwa ameandika nyimbo za bibi, ambaye tulikuwa tumeshamzika. Siku moja kompyuta ilikwaruza kama inayokata roho. Mjomba alijaribu kuzihamishia nyimbo kwenye CD, lakini CD mbili ziliharibika katikati ya kuchomwa, yaani kunakiliwa. Ikabaki CD tupu moja tu.

Mjomba akabadilisha waya, akapunguza kasi ya kuchoma. Mama hakukaa. Alizunguka chumba kizima, mara akainua macho: taa ilififia kila mara mashine ya jirani ilipoanza kunguruma.

Akatoka mbio, nami nyuma yake, hadi kwenye foleni ya wanawake wenye mabeseni ya mahindi.

"Naomba mashine izimwe kidogo. Tunachoma CD, na umeme unapungua."

"Mayu, wanangu leo watakula CD?" mmoja akauliza, akimwita mama kwa kilugha chetu. Wenzake wakacheka.

"Ni nyimbo za mama yangu. Kompyuta ikifa, zimekwenda."

"Zipi hizo?" akauliza yule yule.

Mama akaimba mstari mmoja. Yule mwanamke akatua beseni, akamwashiria msagaji azime.

Katika ukimya ule wale wanawake, kumbe nao waliujua wimbo, wakaendelea kuuimba taratibu. Mjomba akaita kutoka dirishani kwamba CD imekubali. Mama hakugeuka. Walikuwa wamefika kwenye ubeti ambao hakuwahi kuuandika.