Nilivyombana Hetal Upande Usiofaa

Mimi Mahona, fundi wa mtandao hapa Tabora mjini, nilianza na kutengeneza redio, kisha nikajipandisha cheo mwenyewe. Hakuna aliyenipinga, basi nikadhani najua.

Siku hiyo binti yangu Recheli, muuguzi asiye na ajira mwaka wa tatu sasa, alikuwa na usaili wa video na hospitali moja ya Dodoma. Nyumbani Kwihara mtandao unasuasua, nikamwambia, "Njoo kwenye jengo ninalolihudumia. Baba yako nipo!" Jamani, mdomo huu.

Jengo zima linatumia laini moja ya intaneti, inagawanywa na swichi, kile kiboksi chenye matundu ya waya. Hetal, mpiga picha za harusi mwenye ofisi humo, akianza kutuma video zake, wengine wote tunakwama.

"Leo nakubana kidogo," nikamtania.

"Nibane tu, Mzee Mahona, ila video ya bibi harusi ifike leo."

Nikaingia kwenye mipangilio ya swichi, kwenye tundu la Hetal nikaiwekea kikomo kasi ya kinachotoka. Nikaagiza chai.

Saa nne usaili ukaanza. Dakika ya tatu, sura za wasaili zikaganda midomo wazi.

"Baba!"

"Tulia, mwanangu, nimeshabana." Nikabana zaidi. Wapi! Mara Hetal akaja analalamika: video inakwenda vizuri kabisa, ila hawezi kufungua hata ukurasa mmoja.

Hapo ndipo nikaelewa. Kwa swichi, "kinachotoka" ni kile kinachotoka kwake yenyewe kwenda kwa mtu. Nilikuwa nimezuia anachopokea Hetal, anachotuma nikakiachia njia nyeupe. Badala ya kukiri, nikaanza kumweleza Recheli nadharia. Miaka mitatu ya mtoto inateketea, mimi natoa mhadhara!

Recheli akanisogeza kwa kiwiko. "Waya wa Hetal upi?"

Nikamwonyesha. Akauchomoa. "Samahani, kaka Hetal," akasema, akarudi kitini. Sura zikaanza kusema tena.

Nikajificha nyuma ya mlango. Wakamwuliza dharura ya mwisho aliyoishughulikia ilikuwa ipi.

"Ni baba yangu," akasema, "dakika mbili zilizopita." Akawasimulia yote, hakubakiza kitu.

Walicheka mpaka spika ikakoroma. Kisha mkubwa wao akasema, "Binti, wewe tunakutaka." Machozi yakanitoka, furaha na aibu pamoja, na sikuthubutu hata kupenga kamasi, nisije nikasikika Dodoma.